Kutoka Kasulu na Kibondo kwenda Burundi: Viza haihitajiki, hati ni lazima

MKAZI wa Kasulu au Kibondo anayekwenda Burundi kumzika mjomba, kuhudhuria harusi au kufuata bidhaa hahitaji viza. Haki hiyo inatokana na Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010.

Hata hivyo, kutohitaji viza si sawa na kutohitaji hati. Msafiri anayechanganya mambo hayo mawili hujikuta katika hatari ya kukamatwa, kutozwa faini au kurudishwa alikotoka. Kwa mkazi wa nyanda za juu za Kigoma ipo hatari kubwa zaidi: kuulizwa uraia wake wakati akirejea nyumbani, na kukosa la kuonyesha.

Makala haya yanaeleza masharti ya kuvuka mpaka huo kwa raia wa Tanzania, kwa raia wa Burundi wanaoingia upande huu, na kwa wakimbizi, ambao wana sheria yao.

Mpaka uliopita katikati ya ndugu

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Buha na Urundi zote zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya Ujerumani kushindwa, Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana mwaka 1919 kugawana eneo hilo. Ruanda na Urundi zikawa chini ya Ubelgiji, na sehemu kubwa iliyobaki ikawa Tanganyika chini ya Uingereza. Wabelgiji, walioiteka Kigoma mwaka 1916, waliikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961 na Burundi ikafuata Julai 1, 1962. Mstari uliochorwa na wakoloni ukawa mpaka wa mataifa mawili huru. Katika baadhi ya sehemu mstari huo unafuata Mto Malagarasi, na kwingine unapita vilimani, ambako shamba la Mtanzania na la Mrundi hutenganishwa na bonde dogo tu.

Lugha haikugawanyika kwa namna hiyo. Msemaji wa Kiha na msemaji wa Kirundi husikilizana bila mkalimani. Ndoa, misiba, minada na vibarua vya mashambani vimeendelea kuwavusha watu pande zote mbili kwa zaidi ya miaka 100. Ndiyo maana wazee wengi wa vijiji vya mpakani huona kwenda ng'ambo ni kwenda kwa jirani, si kusafiri nje ya nchi. Sheria haioni hivyo.

Itifaki inasema nini

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, siku moja na Rwanda. Miaka mitatu baadaye Itifaki ya Soko la Pamoja ilifungua mlango wa raia wa nchi wanachama kutembeleana bila viza.

Kwa mujibu wa kanuni za Itifaki hiyo kuhusu uhuru wa watu kusafiri, raia wa nchi mwanachama anayeingia nchi nyingine mwanachama kama mgeni hutakiwa kuonyesha hati halali ya kusafiria na kutoa maelezo anayoulizwa na ofisa uhamiaji. Akikubaliwa, hupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita. Pasi hiyo haitozwi ada.

Wanaohusika na utaratibu huo ni pamoja na wanaokwenda kuwasalimia ndugu, wanaokwenda kutibiwa, wanafunzi na wanaopita kuelekea nchi nyingine. Mwanafunzi hutakiwa kuomba pasi ya masomo baada ya kupata nafasi chuoni au shuleni.

Uhuru huo una mipaka yake. Itifaki inairuhusu nchi mwanachama kumzuia mgeni kwa sababu za usalama wa taifa, utulivu wa jamii au afya ya umma. Kadhalika, haimwondolei msafiri wajibu wa kupita katika kituo rasmi na kuandikishwa.

Mfumo wa namna hiyo si wa Afrika Mashariki pekee. Nchi za Afrika Magharibi zilikubaliana tangu mwaka 1979 kuruhusu raia wao kutembeleana kwa siku 90 bila viza, na huko pia hati ya kusafiria ilibaki kuwa sharti.

Hati zinazokubalika

Hati ya kwanza ni pasipoti. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki Januari 31, 2018, na pasipoti za zamani zilikoma kutumika mwishoni mwa Januari 2020. Mwenye kijitabu cha zamani kilichobaki kabatini asikichukue akidhani kitamvusha, hata kama tarehe iliyoandikwa ndani haijafika.

Ilipozinduliwa, ada ya pasipoti hiyo ya kawaida ilikuwa Sh150,000, na hudumu kwa miaka 10. Maombi hujazwa katika mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti chake cha kuzaliwa, Kitambulisho cha Taifa au namba yake, uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi, picha, na maelezo ya safari yake.

Hati ya pili ni ya dharura ya safari. Hiyo huombwa Uhamiaji na raia asiye na pasipoti ambaye ana safari ya karibu katika nchi jirani, kwa mfano aliyepata taarifa ya msiba. Mwombaji naye hana budi kuthibitisha kuwa ni Mtanzania, na barua ya utambulisho ya ofisa mtendaji wa kijiji au mtaa humsaidia. Kwa kuwa hati hiyo ina ukomo wa muda na wa nchi inakotumika, ni vyema kusoma yaliyoandikwa ndani yake kabla ya kuondoka.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama Kitambulisho cha Taifa kinatosha. Itifaki inaziruhusu nchi wanachama zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kama hati za kusafiria. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufanya hivyo kati yao mwaka 2014. Tanzania na Burundi hazikuwamo katika makubaliano hayo. Kwa hiyo kitambulisho ni cha kubeba pamoja na hati ya kusafiria, si badala yake. Kadi ya mpigakura nayo haimvushi mtu mpaka.

Mtoto pia ni msafiri. Anayevuka na mtoto awe na hati ya mtoto huyo na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa anayemsindikiza si mzazi, ridhaa ya wazazi kwa maandishi huondoa shaka ya usafirishaji haramu wa watoto.

Mahali pa kuvukia

Kwa msafiri wa Kasulu, kituo cha karibu ni Manyovu, ambacho kwa upande wa Burundi kinapakana na Mugina. Manyovu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu hadi mwaka 2012 ilipoanzishwa Wilaya ya Buhigwe. Njia hiyo humpeleka msafiri Mabanda na Makamba, na kutoka huko anaweza kushuka pwani ya Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge na Bujumbura.

Msafiri wa Kibondo hupitia Mabamba na kuingia Gisuru, kwenye barabara ya kwenda Ruyigi na Gitega. Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu mwaka 2019, wakati Bujumbura imebaki kuwa mji mkuu wa biashara.

Aliye kaskazini zaidi, au anayesafiri na mzigo mkubwa, anaweza kutumia Kabanga wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera, kinachotazamana na Kobero. Malori mengi ya mizigo ya Burundi inayotoka Bandari ya Dar es Salaam hupita huko.

Safari ya Manyovu ilikuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kwa lami barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takriban kilometa 260, pamoja na sehemu ya Rumonge hadi Gitaza upande wa Burundi.

Msafiri azingatie majina ya mikoa anapojaza fomu. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi mitano. Gisuru, iliyokuwa Mkoa wa Ruyigi, imeingia katika Mkoa wa Buhumuza. Mabanda, iliyokuwa Mkoa wa Makamba, ipo katika Mkoa wa Burunga.

Aidha, saa za Burundi ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja. Ikiwa saa 12 jioni Manyovu, Mugina ni saa 11. Anayerejea jioni akiongozwa na saa ya Burundi anaweza kukuta ofisi ya upande wa Tanzania imekwisha kufungwa.

Kati ya vituo hivyo zipo njia nyingi za panya. Bodaboda na wenyeji huzifahamu, na huwa fupi. Lakini anayezipita haandikishwi kokote. Akikamatwa ndani ya Burundi, hata akiwa na pasipoti mfukoni, hana muhuri wa kuonyesha kuwa aliingia kihalali.

Afya, chombo cha moto, fedha na mizigo

Masharti ya Burundi yanamtaka mgeni mwenye umri wa miezi tisa na kuendelea awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutolewa mara moja, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kuwa cha maisha yote, hivyo mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 halazimiki kuchanjwa tena.

Masharti ya afya huweza kuongezwa ghafla. Januari 2025 Tanzania ilithibitisha ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Biharamulo, inayopakana na Mkoa wa Kigoma, na mwaka 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wa mpox. Wakati kama huo, upimaji wa joto na maswali ya maofisa wa afya mpakani huwa ni sehemu ya safari.

Mwenye gari au pikipiki achukue kadi ya chombo, leseni, na bima inayotambuliwa nje ya nchi. Ijulikanayo zaidi ni kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa katika umoja huo mwaka 2000. Dereva akumbuke kwamba Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mara tu baada ya kuvuka, mkono aliouzoea ndio utakaomgonganisha na mwenzake.

Fedha taslimu zinazofikia au kuzidi dola 10,000 za Marekani, au thamani hiyo kwa sarafu nyingine, hutakiwa kutolewa taarifa kwa maofisa wa forodha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, na katazo hilo humhusu pia mgeni anayeingia.

Mfanyabiashara mdogo ana nafuu yake. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kupitishwa kwa utaratibu rahisi wa forodha, kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Lakini nafaka, mifugo na mimea huhitaji vibali vya wizara zinazohusika. Gunia la mahindi halivuki kwa sababu tu mwenye gunia amevuka.

Warundi wanaokuja kulima

Raia wa Burundi anayeingia Tanzania ana haki zilezile za mgeni: hakuna viza, na pasi ya hadi miezi sita bila ada. Naye hutakiwa kuwa na hati ya kusafiria ya nchi yake. Karangamuntu, yaani kitambulisho cha uraia cha Burundi, peke yake si pasipoti.

Tatizo kubwa huanzia kwenye kazi. Kila msimu wa kilimo vijana wa Burundi huvuka kuja kulima na kuvuna kwa ujira katika mashamba ya Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Pasi ya mgeni haimruhusu aliyenayo kufanya kazi ya kulipwa.

Itifaki inaeleza kuwa mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kuingia mkataba, na mwenye mkataba mfupi zaidi apate pasi maalumu. Lakini kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizofungulia wenzake. Tanzania iliorodhesha kazi za kitaaluma, wakiwamo walimu wa baadhi ya masomo na wauguzi. Kibarua cha jembe hakikuwamo. Nayo Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi kabla ya kuajiriwa.

Matokeo yake ni kwamba kibarua na mwenye shamba wote wawili hujiweka hatarini. Kibarua asiye na hati hana nguvu ya kudai ujira wake akidhulumiwa, kwa sababu kwenda kushtaki ni kujitaja. Mwenye shamba aliyemwajiri naye anaweza kushtakiwa.

Wakimbizi wana sheria yao

Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa. Kambi ya Nyarugusu ilianzishwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya machafuko ya kisiasa ya Burundi. Mtabila ya Kasulu ilifungwa Desemba 2012, na Mtendeli ya Kakonko ilifungwa mwaka 2021.

Mkimbizi haongozwi na pasi ya miezi sita, bali na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Sheria hiyo inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia, kwa ofisa aliyeidhinishwa, ofisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani aliye karibu. Baada ya hapo hukaa katika eneo lililotengwa, na kutoka nje ya eneo hilo bila kibali ni kosa.

Kuanzia mwaka 2015 Warundi walikuwa wakipokewa kwa pamoja kama kundi. Utaratibu huo ulifutwa Januari 2017, na kuanzia hapo kila mwombaji alitakiwa kuchunguzwa peke yake.

Anayetaka kurejea kwao hupaswa kujiandikisha kurejea kwa hiari, na si kuondoka kimyakimya. Misafara ya kurejea huratibiwa na serikali hizo mbili pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Gisuru imekuwa miongoni mwa vituo vya kuwapokea. Mkimbizi anayevuka kwenda kuangalia shamba lake na kurudi kambini kwa siri anaweza kuonekana kuwa amerudi chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, na hifadhi yake ikawa mashakani.

Kurejea nyumbani

Katika safari hii, mtihani wa Mtanzania mara nyingi huwa ni wakati wa kurudi. Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kigoma, Kagera na Geita, iliyowaondosha maelfu ya watu waliodaiwa kuwa wahamiaji haramu. Tangu kabla ya hapo na hata baadaye, wananchi na wabunge wa Kigoma wamelalamika kuwa wenyeji hutiliwa shaka uraia wao kwa sababu ya lugha, jina au lafudhi.

Hali inachanganywa na ukweli kwamba wapo wenye asili ya Burundi ambao ni raia halali. Takriban wakimbizi 162,000 wa mwaka 1972 na watoto wao walikubaliwa kuwa Watanzania mwaka 2010, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Hivyo asili ya mtu haisemi uraia wake. Kinachosema ni maandishi.

Kwa mtu huyo, muhuri wa Manyovu au Mabamba una kazi mbili. Kwanza, unamruhusu kuingia Burundi. Pili, unabaki kuwa ushahidi kwamba siku fulani ofisa wa Jamhuri ya Muungano alimwandikisha kama Mtanzania anayetoka, na kwa hiyo ana pa kurudi. Aliyepita njia ya panya hana ushahidi huo, na anaporejea na kusimamishwa barabarani huwa sawa na mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza.

Kosa jingine la kuepuka ni kuchukua kitambulisho cha Burundi ili kurahisisha biashara ya ng'ambo. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kadi iliyochukuliwa kwa ajili ya kupita sokoni inaweza kuja kutumika kama ushahidi wa kumvua mtu nchi yake.

Kabla ya kuondoka

Msafiri ahakikishe ana pasipoti au hati ya dharura isiyokwisha muda, cheti cha chanjo, Kitambulisho cha Taifa na hati za watoto alionao. Apite kituo rasmi, agongewe muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Burundi, na asome idadi ya siku alizoandikiwa. Kwa kuwa pasi ya mgeni wa Afrika Mashariki haina ada, akidaiwa malipo yoyote aombe stakabadhi.

Kwa maswali zaidi zipo ofisi za Uhamiaji za mkoa na wilaya, na ubalozi mdogo wa Burundi ulioko mjini Kigoma. Aliyekwisha ingia Burundi na kupata matatizo anaweza kuwasiliana na Ubalozi wa Tanzania ulioko Bujumbura.

Yote huanza na cheti cha kuzaliwa, ambacho ndicho msingi wa kupata pasipoti. Msiba hautoi taarifa, na cheti hakipatikani kwa siku moja. Familia yenye ndugu ng'ambo ya mpaka hufanya vyema kukitafuta mapema, kabla simu ya usiku haijalia.